Kidonda si jeraha: Nafasi ya lugha katika utafiti wa tiba ya ngozi

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu, ambaye alikuwa na kisukari, alikwenda kliniki yake ya kawaida katika hospitali moja ya kaunti. Siku hiyo alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Kijana aliyempokea alikuwa ameshika fomu iliyochapishwa kwa Kiswahili sanifu kabisa. Akamuuliza kwa adabu: “Mama, una jeraha lolote mwilini?” Shangazi akajibu: “Sina jeraha, mwanangu.” “Umewahi kuumia mguu hivi karibuni?” “Sikuumia.” “Sasa hivi unaumwa popote?” “Siumwi.”

Kijana akatia alama mahali pa “hapana” mara tatu. Viatu havikuvuliwa. Shangazi akapewa dawa zake za sukari, akapanda matatu, akarudi nyumbani. Aliporudi tena wiki sita baadaye, kidole hakikuwa cha kuokolewa.

Nilipomuuliza kwa nini hakusema kwamba alikuwa na kidonda, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. “Hakuniuliza kidonda,” akasema.

Mpenzi msomaji, sidai kwamba neno moja lilimkata shangazi kidole. Kisukari ndicho kilichofanya kazi hiyo, kwa kushirikiana na foleni ndefu na muuguzi mmoja anayehudumia wagonjwa wa wauguzi watano. Lakini maswali yote matatu yalikuwa sahihi katika karatasi, na majibu yote matatu yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo limenisumbua tangu siku ile, na ndilo linalonifanya leo niache kidogo mjadala wetu wa ngeli tuzungumzie ngozi.

Tuanze na maneno yenyewe. “Jeraha” tulilipokea kutoka Kiarabu. Mzizi wake ni uleule uliotupa “majeruhi”, na kila msomaji wa gazeti hili anajua majeruhi ni nani: mtu aliyeumizwa na gari, risasi, panga au moto. Kwa hivyo katika sikio la mzungumzaji, jeraha lina kisa. Kuna kilichojeruhi na kuna saa kiliyojeruhi. “Kidonda” ni neno la Kibantu, na ndugu zake wametapakaa mashariki na kusini mwa Afrika: Wagĩkũyũ husema kĩronda, Wachewa chilonda, Wazulu isilonda. Kidonda hakihitaji kisa. Kinaweza kuanza kama jeraha kisha kikakataa kufunga, au kikatokeza tu pasipo mtu kujua kilikotoka. Kikizidi ukubwa tunaondoa kiambishi cha udogo na kukiita donda. Likikaa miaka bila kupona tunaliita donda ndugu. Wanahabari wetu nao wana donda sugu lao, ambalo aghalabu ni ufisadi.

Sasa, fomu nyingi za hospitali na za utafiti zimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja pana linalobeba mkato wa kisu na pia kile tunachokiita kidonda. Mfasiri akifungua kamusi hukuta “jeraha” likiwa la kwanza, tena linasikika la kitaalamu zaidi. “Kidonda” linanuka usaha na nzi. Basi huchagua jeraha. Ukiniuliza, ni kosa la heshima: tunataka karatasi ya daktari iongee kama daktari, na tunasahau kwamba anayejibu ni mgonjwa.

Swali la tatu, “unaumwa?”, lina hatari zaidi. Kwetu kitenzi “kuumwa” kimebeba mizigo miwili, maumivu na ugonjwa. Mtu akisema “naumwa”, huenda ana maana kwamba anahisi uchungu, au kwamba ni mgonjwa tu. Asiyehisi uchungu husema “siumwi”, na hapo hapo amejitangaza kuwa mzima. Kumbe vidonda vibaya kuliko vyote mara nyingi ni vile visivyouma. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva za miguu, nyayo zikafa ganzi, na mtu akatembea na msumari ndani ya kiatu kutwa nzima bila habari. Ndiyo maana daktari mzuri haridhiki kuuliza. Humwambia mgonjwa afumbe macho, akamgusa wayo kwa uzi mwembamba wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, kisha akasubiri kusikia kama amehisi. Kama ni lazima kuuliza, afadhali kuuliza: “Mguu una ganzi?” Shangazi angejibu ndiyo kabla swali halijaisha.

Mfano mwingine wa kidonda kisichouma una mizizi yake hapa jirani. Nchini Uganda, karibu na Ziwa Kyoga, kuna eneo liitwalo Buruli. Daktari Albert Cook wa Mengo alikuwa ameeleza vidonda vya ajabu nchini humo tangu mwaka 1897. Mwaka 1948 watafiti wa Australia wakaeleza bakteria inayosababisha vidonda vya namna hiyo, Mycobacterium ulcerans. Katika miaka ya 1960 wagonjwa wengi wakaonekana Buruli, madaktari wakaunda kikundi cha utafiti, na tangu hapo dunia nzima inakiita kidonda cha Buruli. (Watu wa Buruli hawakuulizwa kama wanataka jina lao liambatane na ugonjwa, lakini hayo ni ya siku nyingine.) Bakteria hiyo hutoa sumu inayokula ngozi na mafuta yaliyo chini yake huku ikitia ganzi. Mtoto anaweza kuwa na donda linalozunguka mkono mzima na bado akacheza mpira. Mzazi anaona mtoto “haumwi”, anasubiri.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kisu. Baadaye, kuanzia mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mbili kwa wiki nane, rifampisini ya kumeza na streptomaisini ya sindano. Hesabu mwenyewe: sindano moja kila siku kwa wiki nane ni sindano 56, kwa wagonjwa ambao wengi wao ni watoto, na streptomaisini inajulikana kwa kudhuru masikio. Swali likawa: je, sindano inaweza kuondolewa, mgonjwa akameza vidonge tu? Hakuna nchi moja iliyokuwa na wagonjwa wa kutosha kulijibu haraka. Hospitali za Ghana na Benin zikaungana na watafiti wa Ulaya chini ya Shirika la Afya Duniani. Kati ya mwaka 2013 na 2017 waliandikisha washiriki 310. Kati ya 297 waliothibitishwa kwa maabara kuwa na ugonjwa huo, waliopewa sindano walipona asilimia 95 kufikia wiki ya 52, na waliopewa vidonge vitupu, yaani rifampisini na klarithromaisini, asilimia 96. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2020. Sindano 56 zikaondoka.

Ninapenda mfano huu kwa sababu unaonyesha ushirikiano ni nini hasa. Watu hudhani ni Mzungu kuja na pesa na Mwafrika kutoa damu. Hayo yamewahi kutokea, sikatai. Lakini utafiti wa aina hii hauwezekani bila muuguzi wa kijijini anayejua nyumba ya kila mgonjwa, na bila watu wa nchi mbili kukubaliana kuhusu maana ya neno moja tu: kupona.

Neno hilo si jepesi hata kidogo. Tukiachiwa sisi wananchi wa kawaida, kidonda kimepona kikikauka. “Acha kikauke,” mama zetu walituambia tulipochubuka magoti, na tukikiona kigaga cheusi tulifurahi. Sisi hutumia “kukauka” na “kupona” kana kwamba ni maneno pacha. Sayansi imeyatenganisha. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha katika jarida la Nature majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe. (Mkuki kwa nguruwe mtamu, Waswahili walishasema.) Aliwakwangua ngozi juu juu, baadhi ya vidonda akaviacha wazi vikauke na kufanya kigaga, vingine akavifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki ili vibaki na unyevu. Ngozi mpya iliota karibu mara mbili upesi katika vile vilivyofunikwa. Sababu ni kwamba seli za ngozi hutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati; zikikuta ukavu na kigaga, hulazimika kujichimbia njia chini yake, lakini palipo na unyevu huteleza tu.

Tangu hapo bendeji na shashi za kisasa zimebuniwa ili kutunza unyevu wa kiasi. Nasema wa kiasi, kwa maana kidonda kinachotiririka usaha ni habari nyingine, na kidole cha mgonjwa wa kisukari kilichokwisha kufa na kukauka, daktari anaweza kuamua kikae hivyo hivyo kikavu. Usiende kufunika kitu kwa sababu umesoma gazeti. Ila ukimsikia muuguzi akisema “tusikiache kikauke”, usidhani amechanganyikiwa. Anapambana na lugha yako, si na wewe.

Watafiti nao wamelazimika kufafanua. Mwongozo wa mwaka 2006 wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani unasema kidonda kihesabiwe kimefunga kabisa pale ngozi imerudi pote, hakitoi majimaji, hakihitaji tena bendeji, na hali hiyo imethibitishwa katika ziara mbili zilizoachana wiki mbili. Sasa jaribu kutafsiri hilo. Ukiandika “kidonda kimefungwa”, msomaji Mkenya ataona bendeji. Ukiandika “kimekauka”, umerudi kwa goti la utotoni. Mimi huandika “ngozi imerudi pote na hakitoi maji”, ingawa ni ndefu. Afadhali urefu. Utafiti ukitumia maana moja Kisumu na nyingine Tanga, mtu atakayekuja kuunganisha matokeo atakuwa anajumlisha maembe na mawe.

Kuna utafiti wa hapa kwetu ambao huutumia darasani kwa sababu kila mwanafunzi huuelewa papo hapo. Unahusu funza. Kamusi zetu hulitambua pia jina “tekenya”, na Wagĩkũyũ humwita ndutu, lakini Kenya nzima siku hizi ni funza, jina ambalo kwa bahati mbaya ni pia la mabuu ya nyama iliyooza. Labda ndiyo maana kuitwa “mtu wa funza” kunauma kuliko funza mwenyewe, na watoto huacha shule kwa aibu. Mdudu huyu si mwenyeji. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alishuka na meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola mwaka 1872, na haikuchukua miongo mingi kabla hajafika upande wetu.

Jike la funza huingia ngozini, akavimba kwa mayai, akaacha nje sehemu ndogo tu ya nyuma, ambayo ndiyo anayopumulia, anayonyea na anayotagia. Sisi humchokoa kwa pini au mwiba, pini moja watoto watano. Hospitalini mtoto alikuwa akilowekwa miguu katika maji ya zambarau ya potasiamu pamanganeti. Watafiti wa Kenya na Ujerumani wakauliza: je, mafuta mepesi ya silikoni yaitwayo dimetikoni, yanayoweza kujipenyeza katika kile kitundu cha kupumulia na kumziba funza pumzi, yatafaa zaidi?

Walivyolijibu ndipo penye utamu. Walichukua watoto wa shule 47, na kila mtoto mguu mmoja ukapata maji ya zambarau, mwingine mafuta. Mtoto akawa kipimo cha nafsi yake: chakula kimoja, sakafu moja ya vumbi, mwili mmoja. Na “amekufa” nalo lilifafanuliwa. Funza alihesabiwa hai kama bado anatoa mayai au kinyesi, au anapigapiga kama mshipa. Baada ya siku saba, katika miguu ya mafuta asilimia 78 ya funza hawakuwa na dalili yoyote ya uhai. Katika miguu ya zambarau, asilimia 39. Utafiti ulichapishwa mwaka 2014.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nichukue kalamu wiki hii. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye hufanya kazi ya kuwasomea watu mashinani fomu za ridhaa, aliniletea rasimu moja ya Kiswahili niipige msasa. Tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, madaktari wa dunia wamekubali kwamba hakuna mtu wa kufanyiwa utafiti wa tiba kabla hajaelezwa na kukubali kwa hiari. Kwa mgonjwa wa kijijini, basi, haki hiyo yote imekaa ndani ya sentensi za mfasiri. Badala ya kuisahihisha mezani, niliomba ruhusa tuisome kwa sauti mbele ya akina mama wa chama kimoja cha mtaani kwetu, watu wasiohusika kabisa na utafiti wowote, tuone wanasikia nini.

Tulifika sentensi ya nne: “Utawekwa katika mojawapo ya makundi mawili kwa njia ya bahati nasibu.” Mama mmoja akainua kichwa. “Bahati nasibu? Tunashinda nini?” Wenzake wakacheka, lakini hakuwa anatania. Nchi hii bahati nasibu ni ya redio na simu: unatuma ujumbe, unangoja gari. Mwingine akasema hapana, yeye ni Mwislamu, kamari haigusi. Katika sentensi moja tulikuwa tumemuahidi mmoja zawadi na kumfukuza mwingine.

Nilipendekeza “kwa kura”, na nilikuwa na sababu za kisomi. Kura asili yake, katika Kiarabu, ni kile kitu kinachorushwa ili kuamua jambo bila upendeleo, yaani hasa kinachotakiwa hapa. “Kura ni ya mheshimiwa,” akanijibu mama yule yule. “Nani atatupigia?” Siasa imelimeza neno zima, halirudi. Mwishowe muafaka ulitoka kwao, si kwangu: “Si wewe wala daktari atakayechagua kundi lako. Itakuwa kama kurusha sarafu.” Katika makala ya kitaaluma nitaendelea kuandika “ugawaji wa nasibu”. Katika fomu, sarafu.

Neno lililozua ubishi mkali zaidi lilikuwa “majaribio”. Mwanafunzi wangu alitaka kulifuta. Alisema watu wakilisikia huogopa, husema wanafanywa panya wa maabara, na kwamba “utafiti” ni laini zaidi. Ni kweli ni laini. Ni laini mno, hivi kwamba mtu huweza kukaa ndani yake mwaka mzima akidhani anatibiwa tu, kama kawaida, na kwamba kila kinachofanywa kimechaguliwa kwa manufaa yake yeye. Wanaofanya utafiti wa tiba wanaijua shida hii vizuri. Koti jeupe ni lile lile, kitanda ni kile kile, na nauli inarudishwa, utajuaje tofauti? Mimi nilishikilia libaki. Dawa inajaribiwa, na mtu ana haki ya kuogopa kidogo kabla ya kutia sahihi. Niliongeza sentensi moja: “Bado hatujui ni tiba gani kati ya hizi mbili iliyo bora, ndiyo maana tunafanya majaribio haya.” Akina mama walinyamaza walipoisikia, kisha mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kumsikia daktari akikiri hajui.

Tulipomaliza niliwasimulia ule utafiti wa funza, mguu huu na mguu ule. Waliufuata neno kwa neno bila fomu yoyote. Mzee wao, ambaye wote humwita Shosho na ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akaniuliza: “Na ule mguu wa zambarau, baada ya kujua mafuta ni bora, walirudi wakaupaka?”

Nikafungua tena rasimu kutafuta fomu inasema nini kuhusu mshiriki baada ya matokeo. Kulikuwa na aya moja, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, nayo ilianza: “Manufaa ya baada ya utafiti yatazingatiwa ipasavyo.” Nikamsomea. Akasema, “Hiyo ni Kiswahili?” Tukaanza kuiandika upya.